Kikokotoo cha Eleazar

Bango lilichomekwa mbele ya nyumba mapema mno, na hilo lilikuwa kosa la mama yake Araceli peke yake. Hakumwuliza mtu. Aliliagiza, akalipokea, akalipigilia kwenye nyasi kwa mkono wake: picha ya Araceli amevaa joho la bluu na kofia bapa ya wahitimu, kubwa kama mlango wa friji, na maneno ya pongezi yanayosomeka mpaka ng'ambo ya barabara. Kila nyumba ya mtaa ule yenye mtoto wa darasa la mwisho ilikuwa na bango kama hilo. Tofauti ni kwamba wale wengine walikuwa wanahitimu kweli.

Araceli alikuwa ameshaufeli mtihani wa aljebra wa jimbo mara tatu. Na Texas haina mzaha na mtihani huo. Uwe mwema kiasi gani darasani, uwe umewabeba walimu mgongoni, usipoupita hupewi cheti. Majirani walikuwa wakipita na kumpungia mkono, "Hongera, mwanangu!", naye anajibu asante huku uso unamwaka moto. Alifika mahali akawa anatokea mlango wa nyuma ili asikutane na sura yake mwenyewe ikimchekea.

Joho lenyewe wala halikumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni chuo cha mafundi wa umeme kule San Antonio, wale wanaopanda nguzo baada ya tufani mpaka watu wapate taa. Walikuwa wamemkubali, msichana peke yake katika kundi la wavulana, kwa sharti moja tu: chuo kikifunguliwa mwanzoni mwa Juni awe na cheti mkononi. Akikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine, na wa kuitaka walikuwa wamejipanga. Buti za kupandia nguzo alishazinunua. Alikuwa akizivaa chumbani mwake, mlango umefungwa, akitembea kutoka kitandani hadi dirishani kama mtu mwenye kazi.

Mtihani wa mwisho kabla ya mahafali uliwekwa Jumanne. Jumapili yake, ukoo mzima ulipokuwa kwa shangazi ukila nyama ya barbakoa na mikate ya tortila baada ya misa, binamu yake Eleazar alimkonyeza, wakatoka nje mpaka kwenye lori lake. Eleazar alikuwa fundi wa matairi, kijana mrefu wa maneno mengi, mwenye kucha ambazo sabuni ilishazikatia tamaa. Akafungua kisanduku cha mbele ya kiti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa chekundu.

"Unakijua hiki?"

"Kikokotoo cha grafu. Shuleni vimejaa. Umekiiba lini?"

"Mdomo wako huo ndio unaokufelisha. Hiki si kikokotoo, hiki ni mwalimu aliyefungiwa ndani ya plastiki. Tazama." Akabonyeza, ikatokea orodha ya programu. "Mlinganyo wa kipeo cha pili: unakipa namba, kinakupa majibu. Mstari unaopita kwenye nukta mbili: unakipa nukta, kinakupa mlinganyo. Riba, asilimia, vyote vimo. Hakikuulizi umesoma au ulikuwa unalala."

Araceli alikitazama kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya mtu. "Wanatufutisha kumbukumbu, Ele. Kabla ya kuanza. Msimamizi anapita kuangalia kioo cha kila mmoja."

Eleazar akacheka mpaka akaegemea lori. "Ndiyo maana niliandika na hii." Akachagua programu ya kwanza katika orodha. Kioo kikawa cheupe, kisha yakatokea maneno yale yale ya kiwandani, kwamba kumbukumbu imefutwa. Akabonyeza tena, orodha ikarudi nzima, haijapungua hata mstari. "Mimi nilipita nayo. Nusu ya darasa letu ilipita nayo. Wewe kaza uso tu."

"Na nikikamatwa?"

"Nani akukamate, Araceli? Wanatazama maneno, wanasonga mbele. Ila kitunze. Hivi vitu vyangu vimo humo tu, sina pengine."

Akakipokea. Aliporudi mezani alikuwa amekiweka mfukoni.

Kikokotoo alichokizoea kilikuwa shuleni, kwa Bi Sulak, mwalimu wa aljebra. Bi Sulak alikuwa ametundika mlangoni mwa darasa lake kile kitambaa chenye mifuko ambacho watu wengine hupangia viatu, akaipa kila mfuko namba, na ndani ya kila mfuko kikokotoo. Ukitaka kuazima, unavua kiatu kimoja, unakiacha mfukoni badala yake. "Atakayeondoka na mali ya shule ataondoka peku," ndivyo alivyosema, na hakuna kikokotoo kilichowahi kupotea. Araceli alikuwa mtu wa namba kumi na saba. Kitufe chake cha tano kilikuwa kimekwama, mpaka ukibonyeze kwa ukucha, na plastiki yake ilikuwa imechubuka. Mwaka mzima, kila Jumanne baada ya vipindi, Bi Sulak alikuwa akibaki naye wakihangaika na kidude hicho, kiatu cha Araceli kikining'inia mlangoni. Alikuwa mwalimu mkavu, hana pole wala hongera, lakini hakuwahi kukosa Jumanne hata moja.

Asubuhi ya mtihani Araceli alivaa buti zake za kupandia nguzo. Alijiambia ni kwa ajili ya bahati. Alipofika mlangoni Bi Sulak alikuwa amesimama hapo na karatasi zake za usimamizi, kwa kuwa wanaorudia mtihani walikuwa wachache na wamepewa chumba chake.

"Kumi na saba nimekitia betri mpya," alisema.

Hapo ndipo pa kuchagua, na Araceli alipajua. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni, umekishika kile cha Eleazar mpaka kikaloa jasho. "Asante, Mwalimu. Leo nimekuja na cha binamu yangu."

"Binamu yako yupi?"

"Eleazar."

Bi Sulak alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Alimfundisha Eleazar pia. "Haya," alisema. "Ingia ukae."

Madawati yalikuwa yametenganishwa mbali mbali. Mbele ya Araceli alikaa Trinidad Cantú, beki wa timu ya shule, jitu la miraba minne, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi iliyotoboka.

"Mwalimu," Trinidad aliuliza, "soksi yangu ikinuka mtihani unafutwa?"

"Soksi yako ikinuka nitaiandikia jimboni. Kaa kimya."

Watu walicheka, kile kicheko cha watu wenye hofu, kikakatika upesi. Karatasi za mtihani zilikuwa mezani, zimefungwa kwa lakiri, zimelazwa kifudifudi. Bi Sulak akasoma masharti kwa sauti ile ile anayotumia kusoma majina. Asiye na haki ya kuwa na kitu, asiwe nacho. Atakayekutwa na msaada mtihani ukishaanza, karatasi yake haisahihishwi. Yeye mwenyewe ametia sahihi kiapo kwamba atayasimamia hayo yote. Kisha akasema, "Karatasi hakuna kugusa. Kwanza vikokotoo. Futeni kumbukumbu."

Araceli akachagua programu ya kwanza. Vidole vilikuwa baridi. Kioo kikawa cheupe, maneno yakatokea: imefutwa. Akaviweka viganja juu ya meza akasubiri Mwalimu apite, atazame maneno, asonge mbele, kama alivyoahidiwa.

Bi Sulak hakupita. Alibaki mbele, mikono nyuma. "Sasa kila mmoja abonyeze sini. Thelathini. Kitufe cha jibu. Msiguse kingine chochote. Inueni vioo juu, nivione."

Araceli akatoka kwenye programu, akabonyeza kama alivyoambiwa. Ikatoka nusu. Kwa dakika moja ya ujinga alifurahi, kwa maana hilo ni moja kati ya majibu machache aliyokuwa ameyakariri: sini ya nyuzi thelathini ni nusu. Akakiinua kikokotoo juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kisha akaona kioo cha Trinidad mbele yake. Hasi, sifuri nukta tisa nane na takataka nyingine nyuma. Akatupa jicho kushoto. Hasi, sifuri nukta tisa nane. Kulia, hivyo hivyo.

Alielewa. Kikokotoo kilichofutwa kweli kinarudi kilivyotoka kiwandani, na kiwandani hakijui nyuzi. Kinapima pembe kwa radiani, kipimo ambacho hakuna mtu darasani humo aliyekipenda, na kwa kipimo hicho thelathini inatoa uchafu ule. Anayepata jibu zuri ni yule tu ambaye mashine yake bado inakumbuka kwamba zamani mtu aliiweka kwenye nyuzi. Chumba kizima kilikuwa kimekosea, na yeye peke yake alikuwa sahihi.

Bi Sulak alianza kutembea. Alipita safu ya dirishani, anatazama, anakubali kwa kichwa, anasonga. Mkono wa Araceli ulikuwa bado umeinuliwa. Kuushusha hawezi. Kubonyeza kitu hawezi, watu wote wamekaa kimya na mlio wa kitufe ungesikika. Mwalimu akamaliza safu ya kati. Akafika kwa Trinidad, akatazama. Akafika kwake.

Alisimama pale muda mrefu. Trinidad akageuza shingo.

"Geuka mbele, Trinidad."

Kisha Bi Sulak akainama mpaka Araceli akasikia harufu ya kahawa. "Niliposema futeni," alinong'ona, "ulifuta?"

Araceli alikazia macho soksi ya Trinidad.

"Inatokea mtu akafuta," Mwalimu aliendelea, polepole, bila kumtazama usoni, "halafu kwa mazoea akarudisha kwenye nyuzi. Vidole tu. Ulirudisha kwenye nyuzi. Sivyo?"

Ilikuwa sauti ambayo Araceli hakuwahi kuisikia kwake. Ilikuwa inabembeleza. Karatasi ya kiapo ilikuwa mkononi mwa Bi Sulak. Araceli akafahamu kwamba mwanamke huyu anajua kila kitu, anamjua Eleazar, anajua kilichomo ndani ya plastiki ile, na yuko tayari kukitia kitanzini kibarua chake ili mtoto huyu apite. Anachotaka ni neno moja. Ndiyo. Aseme ndiyo, na bango liko salama, San Antonio iko salama, na nguzo zote za Texas ni zake.

Alifungua mdomo aliseme. Hapo ndipo alipomtazama Mwalimu usoni, akaona kitu kilichomchoma kuliko aibu yote ya mtaani. Aliona huruma. Jumanne zote zile, kutwa kumwambia jaribu tena, futa, anza upya, na kumbe hata yeye haamini! Kumbe hata Mwalimu anaona kwamba bila wizi huyu hapiti!

Hasira zilimpanda, na ni hasira ndizo zilizojibu. Wema ulikuwa bado uko njiani.

"Hapana, Mwalimu. Sikufuta."

Bi Sulak alifumba macho, akayafumbua. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imerudi ukavu wake. "Lakiri hujaikata. Mtihani haujaanza. Lakini kilichoingia humu ndani kinafutwa, na hilo sina ruhusa ya kulijadili. Utafuta wewe au nifute mimi?"

"Ni vya Eleazar. Hana pengine."

"Najua ni vya nani."

Araceli akafuta mwenyewe. Alibonyeza vile vitufe vya kweli, kimoja baada ya kingine, na mashine ikamwuliza kama ana hakika, kama mashine zinavyouliza. Akabonyeza ndiyo. Maneno yaliyotokea yalikuwa yale yale, hayana tofauti hata ya herufi, ila safari hii alijua kwamba nyuma yake hamna kitu, na akajisikia kama aliyeua.

"Sasa kinafaa," alisema Bi Sulak. "Unabaki nacho?"

"Hapana. Naomba kumi na saba."

"Unajua sheria."

Wakati wote wa kufungua kamba za buti ile, ndefu mpaka karibu na goti, chumba kilimsubiri. Buti yenyewe ilikataa kuingia mfukoni. Bi Sulak aliishikilia kwa ncha ya vidole, akaitazama, mwishowe akaisimamisha sakafuni kando ya mlango, akampa kumi na saba, kumbukumbu yake imeshafutwa. "Ngozi yote hiyo! Mwalimu anaazimisha vikokotoo, sasa anafuga na ng'ombe," alinong'ona Trinidad, na safari hii hakuna aliyemkemea.

Lakiri zikakatwa.

Maswali ya mwanzo yalikwenda. Kisha likaja lile aliloliogopa, lile lililomwangusha mara zote tatu katika sura tofauti tofauti: maji yanaruka kutoka kwenye bomba la juu ya mnara, mlinganyo huu hapa, yataanguka umbali gani. Aliandika mlinganyo kwenye mashine, tano ikagoma, akaibonyeza kwa ukucha. Akaomba grafu. Kioo kikabaki kitupu.

Hapa ndipo alipokuwa akifia. Akiona kioo kitupu, anajua amekosea. Akijua amekosea, anafuta, anabahatisha herufi, anasonga, na baada ya hapo kila swali linakuwa giza. Alitazama juu, akamwona Bi Sulak ameketi mbele anatazama mikono yake mwenyewe, na ile hasira ikarudi, ikampa nguvu. Alisubiri. Akasoma tena namba za mlinganyo. Maji yalikuwa yanaanzia juu kuliko kumi, na kioo kilichofutwa hakionyeshi zaidi ya kumi. Grafu ipo. Iko juu ya kioo, huko isikoonekana. Mara ngapi Mwalimu alimwambia, panua dirisha, Araceli, panua kwanza ndipo ulie. Akapanua. Mkunjo ukachoreka taratibu, nukta kwa nukta, ukapanda, ukageuka, ukashuka, ukagusa mstari wa chini kwenye namba safi kabisa.

Alikuwa anatabasamu peke yake kama chizi. Akaandika jibu.

Matokeo yalitoka wiki iliyofuata. Bi Sulak alimwita kutoka kwenye foleni ya chakula, akasimama naye ukutani karibu na mashine ya soda.

"Umepita. Kwa swali moja, lakini kupita ni kupita."

Araceli aliachia sinia mezani. Akangoja furaha ije, na yaliyotangulia yalikuwa machozi. Bi Sulak hakumkumbatia, hakuwa mtu wa hayo.

"Asubuhi ile nilidhani hutaweza," alisema. "Nilikosea. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu."

"Nililiona, Mwalimu."

"Najua uliliona."

Jioni alikwenda kwenye gereji ya matairi. Tangu Jumanne ile alikuwa akimkwepa Eleazar, hapokei simu, anajitia usingizi. Alimkuta amechuchumaa kwenye gurudumu la lori, kelele za pampu zimejaa, na akamkabidhi kikokotoo kwenye kitambaa chake chekundu.

Eleazar alikiwasha papo hapo. Akatafuta orodha. Akatafuta tena. "Viko wapi?"

"Nilifuta. Mwalimu alijua. Nilibonyeza mimi."

"Vyote?"

"Vyote, Ele. Nisamehe."

Alikipigiza kitambaa chini. "Sekondari yangu yote ilikuwa humu! Nakupa kitu ninachokitunza kama yai, wewe unakwenda kukifuta! Halafu umefeli, sivyo? Umefeli na umenifutia."

"Nimepita."

"Na kipi?"

"Cha shule. Kile kibovu."

Araceli alikuwa na neno lililokuwa linamtisha tangu mchana, na hakuwa na mwingine wa kumwambia. "Ningepita na chako pia," alisema. "Hilo ndilo linanitia baridi. Ningepita, ningepanda jukwaani, ningekwenda San Antonio, na mpaka nakufa ningedhani siwezi."

Hakulisema ili kumchoma Eleazar. Lakini lilimpata. Eleazar alisimama, akaweka spana yake juu ya gurudumu.

"Mimi sijui," alisema mwishowe.

"Hujui nini?"

"Kama ningepita. Mimi nilikaa nacho tu, nikabonyeza."

"Ele, wewe ndiye uliyeziandika zile programu. Mashine haikujua kitu mpaka wewe ulipoiambia."

"Niliandika ili nisihitaji kujua."

"Na ulipokuwa unaandika, ulijua?"

Mwenye gereji alipiga kelele kutoka ndani kwamba mteja anasubiri lori lake. Eleazar alijifuta mikono kwenye suruali, akaokota kipande cha chaki ya njano wanachowekea alama kwenye matairi, akampa.

"Niandikie swali."

"Swali gani?"

"Lolote. Lile la kipeo cha pili, gumu."

Araceli akaliandika kwenye mpira mweusi wa gurudumu, kisha akainama kuchukua kikokotoo ampe.

"Kiache," alisema Eleazar. Alikuwa ameshapiga magoti mbele ya tairi na chaki yake. "Mwambie huyo bwana asubiri."